Taa ya Mama Pazia

Malaba mtu huitwa kwa kazi yake, na Apolot aliitwa Mama Pazia. Alifua mapazia ya trela, yale ambayo dereva hufunga ndani ya kebini ili alale bila kutazamwa na dunia nzima. Foleni ya malori ilipolala barabarani ikingoja karatasi za mpakani, Apolot alipita chini ya milango na beseni lake, akiita. Dereva alimrushia pazia, blanketi na vitambaa vya viti, naye akaenda kufua, akaanika kwenye ua, akarudisha kabla foleni haijasonga. Siku nyingine foleni ilisonga kabla nguo haijakauka, na pazia likabaki yatima. Ndiyo maana chumba chake kilikuwa na mapazia mengi kuliko madirisha.

Dirisha lenyewe lilikuwa moja. Zamani liliingiza jua la asubuhi, mpaka Ojakol, mwenye ploti, alipoamua kujenga gesti ya ghorofa kwenye uwanja waliokuwa wakianikia nguo. Ukuta ukapanda, ukapanda, hata ukifungua dirisha unagusa matofali. Ojakol aliwaambia wapangaji wake washukuru, kwa maana ukuta ule ungewakinga na vumbi la malori. Mtu akishakuwa na ghorofa, kila anachokunyang'anya hukuhesabia kuwa msaada.

Na ndani ya giza hilo ndimo Apolot alimoamua kuotesha ntula za mama yake. Usicheke bado. Ntula ni zile biringanya ndogo za duara, chungu kidogo, zinazoungwa kwa karanga. Sokoni upande wa Uganda ziko tele, hata ukijikwaa unaangukia fungu la ntula. Lakini za mama yake zilikuwa na michirizi ya kijani kama tikiti, na uchungu wake ulikuja mwisho, baada ya utamu, ukakaa kidogo kooni. Apolot hakuwahi kuziona kwa mtu mwingine.

Kwao, binti hakutoka nyumbani bila mbegu ya jikoni kwa mama yake. Ng'ombe waliwahusu wanaume, wabishane mpaka wachoke. Mbegu ilikuwa ya wanawake. Apolot mwenyewe alipoolewa alitoka na mbegu za ntula zimefungwa kwenye pembe ya leso, na baadaye mumewe alipofariki akarudi nazo ndani ya kibuyu, zimefukiwa kwenye majivu. Sasa binti yake Mourine, aliyekuwa na saluni yake ndogo Nambale, angepokelewa ukweni, kwa kina Makokha, baada ya Pasaka, mvua zikishaanza. Apolot alimuuliza anataka nini cha nyumba, akitegemea kusikia sufuria.

"Sufuria nitanunua, Mama," Mourine alisema kwenye simu. "Mimi nataka zile ntula za mama yako. Nishajua hata mahali nitazipanda, nyuma ya jikoni."

Apolot alilia kidogo baada ya simu kukatika, kisha akashusha kibuyu kutoka kwenye msumari. Kilikuwa kimening'inia miaka mingi. Tangu kaka yake Emorut wa Chakol apande miwa mpaka kizingitini pa nyumba ya kwao, hakukuwa na kipande cha udongo ambacho mwanamke angekiita chake. Alipomwaga majivu kwenye sinia alikuta mbegu chache, kongwe, nyingine zimetobolewa. Akazipanda zote kwenye nusu ya mtungi wa plastiki alioutoboa matundu chini. Zote. Angebakiza hata tano. Mimi ningebakiza, nawe ungebakiza, kwa kuwa tumekaa hapa raha mustarehe. Lakini mbegu kongwe hujui ipi iko hai na ipi imekufa, na yeye alitaka angalau mche mmoja uende Nambale.

Nje hapakufaa. Uani palikuwa na kuku, watoto, saruji ya Ojakol, na jua lililopita saa ya adhuhuri kama mgeni asiyetaka kuketi. Apolot mwenyewe alishinda barabarani. Kwa hiyo mtungi ukakaa ndani, juu ya meza, chini ya balbu.

Zikaota, Mungu ni mwema, na siku zile Apolot alitembea kwenye foleni akiimba. Lakini balbu ilikuwa juu kabisa darini, na mwanga wake ulipofika mezani ulikuwa umechoka. Miche ikarefuka upesi, myembamba kama uzi, imepauka, shingo zote zimeelekea upenyo wa mlango. Halafu ikaanza kuinama, mmoja mmoja, ikalala kwenye udongo. Apolot aliisimamisha kwa njiti za kiberiti. Ikalala upande wa pili.

Ndipo akaenda kwa Otukei. Otukei alikuwa na duka la taa kando ya barabara kuu, na wateja wake walikuwa madereva. Huyu anataka taa ya breki, yule anataka ile mikanda ya LED inayozungushwa ndani ya kebini hadi lori linakuwa kama harusi inayotembea. Apolot alimweleza shida yake. Otukei alimsikiliza kwa makini, maana alikuwa mtu mwema, na wema wa watu ndio utakaommaliza mama huyu.

Balbu za kawaida nyeupe zilikuwa pale pale kwenye rafu, kando ya kichwa chake. Alizipita.

"Mama Pazia, mmea hautaki white," alimwambia. "Mmea unataka red na blue. Nimeona kwa simu, Wazungu wanalima nyumba nzima na hii. Na mimi niko na mkanda wa trela umebaki, nakukatia kipande bei ya shemeji."

Akakata mkanda, rangi mbili pamoja, akamfungia na adapta kwa sababu taa za lori hazikubali umeme wa nyumba moja kwa moja. Hakudanganya. Kweli Wazungu wanalima hivyo, ila taa zao ni za shamba, na hizi zilitengenezwa ili dereva aone vizuri chupa yake ya soda. Lakini Apolot angejuaje? Kwenye mji ambao kila taa ya bei nafuu imetokana na lori, taa nafuu ya mmea nayo ingetoka wapi?

Alipoifunga juu ya mtungi na kuiwasha, chumba kizima kiligeuka zambarau. Alifurahi. Ilikuwa Kwaresima, na rangi ile ilimkumbusha kitambaa cha altareni. Na miche, lazima tuseme haki, iliacha kuanguka. Mkanda ulikuwa karibu nayo, na hata mwanga hafifu ukiwa karibu ni afadhali kuliko mkali ulio mbali. Majani yakaanza kupata kijani.

Sasa sikiliza mambo ya umeme. Swichi kubwa ya ploti ilikaa kwa Ojakol, naye aliiwasha jua likizama na kuizima alfajiri kuku wakishuka. Mchana wapangaji hawakuwa na umeme, ili wasipige pasi. Mourine, aliyekuwa na rafiki aliyesomea kilimo, alimpa mama yake moyo: mmea haujui mchana wala usiku, unajua mwanga tu. Uupe usiku mzima, mchana uache ulale. Basi taa ya Apolot ikawa inawaka usiku, zambarau, kwenye chumba kilichoungana ukuta na gesti, hatua chache kutoka foleni ya trela, kwa mwanamke mjane.

Msomaji wa Malaba keshaelewa. Wa mbali nitamwambia: taa ya rangi hiyo, mahali hapo, saa hizo, ni kibao cha biashara, na biashara yenyewe si ya mapazia.

Wa kwanza kubisha alikuwa dereva mgeni, mwenye adabu. Aliuliza kama kuna nafasi. Apolot alidhani anataka kufuliwa, akamwambia alete asubuhi. Wa pili hakuwa na adabu. Waliofuata walikuja wakicheka, wawili wawili, na mmoja wao alikuwa mtu ambaye Apolot alikuwa amemfulia blanketi miaka kadhaa. Alipomwona mlangoni aliinamisha macho, akasema, "Samahani, Mama Pazia, sikujua nawe umeanza."

Neno hilo lilimkata maini. Akafunga mlango, akaketi kitandani, mikono imelala mapajani. Angezima taa sasa hivi, na kesho miche ingeanza kuinama. Angeiacha, na kesho jina lake lingekuwa limefika kanisani. Aliitazama ile miche, aliutazama mlango. Akaiacha taa ikiwaka kwa sababu mkono wake haukuinuka.

Jina lilifika kanisani kabla yake. Jumuiya yao ya kanisa ilizunguka Njia ya Msalaba nyumba kwa nyumba kila wiki ya Kwaresima, na zamu ya Apolot ilikuwa baada ya jirani yake wa kulia. Alipiga deki, akaazima viti, akachemsha chai. Wanawake walitoka kwa jirani wa kulia wakiimba, wakapita mlango wake, wakaingia kwa jirani wa kushoto. Hakuna aliyemtukana. Mmoja hata alimsalimia. Chai aliimwaga uani na kuku wakaja kuinusa.

Akachukua mapazia yake yatima yote, akayapigilia mlangoni, dirishani, hata kwenye upenyo wa juu ya ukuta, zambarau isitoke hata tone. Haikutoka. Hewa nayo haikuingia. Udongo ukakaa na maji, ukungu mweupe ukatambaa kwenye mashina, na miche mingine ikakatika shingoni kama imetafunwa. Ikabaki saba.

Alimpigia Mourine akakiri kila kitu, isipokuwa habari za wanaume. Kila mara binti yake alimuuliza swali moja, "Imeshaona jua?" na kila mara alijibu bado. Safari hii Mourine alirudi na maneno ya rafiki yake. Aachane na rangi. Achukue balbu mbili za kawaida za LED, nyeupe, ile nyeupe ya baridi ya dukani, azishushe mpaka shubiri moja juu ya majani, afungue mlango hewa ipite. Na wakati wa kuitoa nje ukifika, aitoe kidogo kidogo, kivulini kwanza, maana mmea wa ndani una ngozi ya mtoto mchanga. Basi. Taa zile zile zilizokuwa kando ya kichwa cha Otukei.

Apolot akarudi dukani. Otukei alisikitika kwa dhati, lakini mkanda ukishakatwa haurudi. Akanunua balbu nyeupe mbili, akazining'iniza kwa kamba ya kuanikia nguo, chini kabisa. Ilikuwa kazi ya kitoto. Na majani yakapanuka, yakawa mazito, yakaota vinyweleo, shina likanenepa. Ukisugua jani ulipata harufu ya jikoni kwa mama yake. Apolot alikuwa akilisugua jani moja, lile lile, kila jioni.

Chumba sasa kilikuwa cheupe kama zahanati, mlango wazi, mtu yeyote angeona ndani. Ungedhani watu watanyamaza. Walisema amebadilisha taa kwa kuwa amestukiwa. Ojakol naye alikuja, akasimama mlangoni bila kuingia, akamwambia kwamba yeye hana neno na riziki ya mtu, ila kama ni biashara ya gesti basi gesti iko hapo kando na ina malipo yake. Apolot alijaribu kumweleza habari ya ntula. Ojakol aliitazama miche saba kwenye nusu mtungi, akamtazama yeye, akatabasamu kama mtu anayesikiliza uongo wa mtoto.

Wiki moja kabla ya Jumapili ya Matawi alikuja Mama Benedetta, mwenyekiti wa jumuiya, peke yake. Benedetta ndiye aliyemzika mume wa Apolot, ikiwa kuzika ni kupika, kuimba na kulala chini na mfiwa mpaka apate usingizi. Aliingia, akavuta kiti, akaitazama miche kwa muda mrefu. Yeye alijua mche ni mche.

"Mama Mourine, mimi nakujua," alisema. "Lakini Malaba haikujui. Hii vitu lazima itoke nje watu waione."

Akamweleza shauri lake. Wanawake watakuja mchana kweupe, wataibeba miche kwa nyimbo mpaka kwa baba paroko, kila mtu barabarani aone Mama Pazia alikuwa akiwasha taa ya nini. Itakaa kwenye uwanja wa kanisa, mahali pazuri, penye jua la Mungu, si hii ya stima, na Mourine akija ataichukulia pale pale, imebarikiwa.

Moyo wa Apolot ulisema hapana. Uliisema wazi kabisa. Lakini utamwambiaje hapana mtu aliyelala chini na wewe? Na jina nalo alilitaka, tusimsingizie utakatifu. Alitaka kupita barabarani tena na beseni lake bila kuchekwa. Akasema kitu kimoja tu.

"Kivulini, Mama. Tafadhali. Siku za kwanza iwekwe kivulini."

Benedetta akamwapia kwamba kivulini ndipo itakapokaa.

Wakaja siku ya pili asubuhi, kundi zima, na leso zao za jumuiya. Benedetta aliubeba mtungi kichwani mwenyewe. Walipita kando ya foleni wakiimba, madereva wakachungulia kutoka kwenye mapazia aliyoyafua Apolot, na Benedetta akawaambia kwa sauti kubwa waangalie vizuri, hii ndiyo biashara ya usiku ya Mama Pazia, ntula. Watu walicheka, safari hii cheko la haki. Yule dereva wa blanketi alishuka, akamwomba msamaha mbele ya watu wote. Ojakol alikuwa mlangoni pa gesti yake na hakujua auweke wapi uso. Apolot alitembea nyuma ya mtungi, macho hayabanduki kwenye yale majani yaliyokuwa yakitikisika juu ya kichwa cha Benedetta. Jua la Machi lilikuwa likiwaka kama limetumwa.

Benedetta alitimiza neno lake. Aliuweka mtungi chini ya ukuta wa kanisa, upande wenye kivuli kizito cha asubuhi, akamwagilia maji, akatandika hata majani makavu pembeni. Apolot alipouona pale, baridi, salama, alishusha pumzi. Kisha madereva wakaanza kumwita, mapazia yalikuwa mengi siku ile kuliko siku zote, kila mtu akitaka kumfanyia wema. Benedetta naye aliitwa msibani upande wa pili wa mji, akaenda, angefanyaje?

Na kivuli kikafanya kazi yake, kikahama. Kuanzia adhuhuri ukuta ule unalipokea jua lote, na bati la kanisa linaliongeza. Kila aliyesali pale alilijua hilo, kwa kuwa pana benchi pale ambalo mchana hakuna anayelikalia. Walilijua kama unavyolijua jambo ambalo hujawahi kuulizwa.

Apolot alifika jioni na beseni mkononi. Majani yalikuwa meupe, makavu, yamejikunja kama karatasi iliyookwa, na mashina yamelegea mpaka udongoni. Alichuchumaa. Alitafuta lile jani lake, akalisugua, likawa unga vidoleni. Aliugusa kila mche, wote saba, kama anayewaamsha watoto.

Benedetta alitoka msibani moja kwa moja, akamkuta pale. Hakuhitaji kuambiwa. Alikaa chini kwenye vumbi na nguo yake nzuri, akashika kichwa.

"Niliiweka kivulini," alisema. "Mama Mourine, haki ya Mungu, niliiweka kivulini."

"Uliiweka, Mama," Apolot alisema. "Niliona. Asante."

Wanawake wengine wakakusanyika. Mmoja akasema kesho atavuka mpaka amnunulie miche ya ntula mizuri, mikubwa, tayari ina maua. Apolot akamshukuru na huyo. Alimshukuru kila mmoja, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amemtendea wema, na hasira aliyokuwa nayo ilizunguka kundi lote isipate pa kutua, ikarudi kwake. Walimsindikiza mpaka mlangoni. Barabarani watu walimsalimu kwa jina.

Alikuwa bado amesimama ndani, mtungi mikononi, simu ilipolia. Ilikuwa Mourine, na nyuma yake zilisikika mashine za saluni na wasichana wakicheka.

"Mama, nasikia mmeibeba na nyimbo. Rafiki yangu Cindy ameniambia, alipita hapo kwa foleni akaona. Sasa niambie, imeona jua?"

Apolot aliutua mtungi mezani, mahali pake.

"Imeona jua," akasema.

Mourine akapiga kigelegele ndani ya simu, na wasichana wa saluni wakakidaka bila kujua ni cha nini. Alisema atakuja mwenyewe Jumatatu ya Pasaka kuichukua, asubuhi mapema isipigwe na joto njiani. Mama yake akamwambia njoo, mwanangu. Simu ikakatika. Huko nyuma ya ukuta Ojakol alipandisha swichi kubwa kama alivyofanya kila jioni, na balbu zote mbili zikawaka, nyeupe, shubiri moja juu ya udongo.